Bahari yenye upungufu wa damu

Bahari inayoizunguka Antaktika imejaa mbolea. Naitreti ipo, fosfeti ipo, na kiangazi cha huko kikifika jua linawaka karibu usiku na mchana. Kwa hesabu ya mkulima yeyote, maji hayo yangepaswa kuwa ya kijani mwanzo hadi mwisho. Badala yake sehemu kubwa ni ya buluu, ina mimea michache, na mbolea inabaki humo bila kuliwa mwaka baada ya mwaka. Hali ni hiyohiyo kaskazini mwa Pasifiki upande wa Alaska, na tena kwenye ukanda wa ikweta wa Pasifiki, kuanzia visiwa vya Galapagos kuelekea magharibi. Ukiyajumlisha maeneo hayo matatu, unapata zaidi ya moja ya tano ya bahari zote duniani.

Fumbo hilo lilijulikana muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mtafiti wa Norwei, Haaken Hasberg Gran, alihisi kwamba huenda kinachokosekana ni chuma. Lakini hakukuwa na njia ya kulithibitisha, na sababu yake inashangaza: vifaa vya kupimia chuma vilikuwa vichafu kuliko bahari yenyewe. Aliyelifungua fundo hilo ni mwanasayansi wa Marekani aitwaye John Martin, na kwangu mimi kazi yake ndiyo somo bora kuliko yote la jinsi bahari inavyozalisha.

Mimea ninayoizungumzia si mwani unaokwama miambani wala majani ya bahari unayoyakanyaga maji yanapokupwa. Ni vijimea vya seli moja moja, vidogo kiasi kwamba vingi huvioni bila hadubini, vinavyoelea na kwenda kokote mkondo unakovipeleka. Wataalamu huviita fitoplanktoni. Vina klorofili, ile rangi ya kijani ya kunasia mwanga, kama jani la muhogo, na vinafanya kazi ileile ya jani la muhogo: kuchukua mwanga, maji na hewa ya ukaa na kutengeneza chakula. Vijidudu vinavyoelea huvila, dagaa hula vijidudu, jodari hula dagaa. Samaki yeyote wa bahari wazi aliyefika kwenye sahani yako, ukiifuatilia nasaba ya mlo wake, utaishia kwenye vijimea hivi.

Uzito wa vyote kwa pamoja, kwa siku yoyote unayotaka kuihesabu, haufiki asilimia moja ya uzito wa mimea ya dunia nzima. Hata hivyo kila mwaka vinageuza takribani tani bilioni 50 za kaboni kuwa chakula, karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia. Nusu nyingine inagawanywa na misitu, mbuga na mashamba yote tunayoyajua.

Inawezekanaje kitu kidogo hivyo kifanye kazi kubwa hivyo? Jibu ni kasi. Mbuyu unaweka akiba kwenye shina kwa mamia ya miaka. Kijimea cha baharini kinazaliwa, kinagawanyika na kuliwa ndani ya wiki moja hivi. Ndiyo maana wanaosoma uzalishaji wa bahari hutenganisha mambo mawili ambayo sisi wengine huyachanganya: kilichopo na kinachozalishwa. Ukimkuta mama muuza maandazi saa nne asubuhi, na kwenye sinia yamebaki matano, huwezi kujua kama ameshauza mia mbili au kama leo hakupika. Sinia halikuambii. Inabidi ujue anakaanga mangapi kwa saa na yanaondoka mangapi.

Njia ya kupima "anakaanga mangapi" ilitoka kwa mtafiti wa Denmark, Einar Steemann Nielsen, katika safari ya meli Galathea ya 1950 hadi 1952. Alichota maji ya bahari kwenye chupa, akatia kaboni-14 yenye mnururisho, akaiacha chupa kwenye mwanga kwa saa kadhaa, kisha akachuja na kupima kiasi cha kaboni hiyo kilichoingia ndani ya vijimea. Njia yake inatumika mpaka leo. Iwekeni akilini chupa hiyo, maana ndiyo iliyokuja kuwa kiini cha habari yote.

John Martin alizaliwa mwaka 1935 huko Connecticut. Polio ilimpata akiwa kijana na ikamwacha akitembea kwa shida maisha yake yote, jambo ambalo halikumzuia kuchagua kazi ya kwenda baharini. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 aliongoza maabara ya Moss Landing, kwenye ghuba ya Monterey, California. Fani yake ilikuwa metali zilizomo baharini kwa kiasi kidogo mno.

Sasa fikiria ugumu wa kazi yenyewe. Meli ni chuma. Winchi ni chuma, waya unaoshusha chupa vilindini ni chuma, kutu inapukutika kutoka kila ukingo, na moshi wa injini una chembe zake. Kupima chuma cha baharini ukiwa juu ya meli ni sawa na kutaka kujua kama chai imetiwa sukari huku ukiionja kwa kijiko kilichotoka kwenye bakuli la sukari. Kwa miongo mingi vipimo vilionyesha chuma kingi baharini, na watu wakahitimisha kwamba hakiwezi kuwa tatizo. Kilichopimwa kilikuwa meli.

Aliyeonyesha njia ya kutoka hapo ni Clair Patterson, yuleyule aliyepima umri wa dunia mwaka 1956 na kupata miaka bilioni 4.55. Katika kupima metali ya risasi ndani ya mawe, Patterson aligundua kwamba risasi ya viwandani na ya petroli ilikuwa imechafua kila kitu, hata maabara yake mwenyewe, akajifunza kufanya kazi katika usafi ambao hakuna aliyekuwa ameuona muhimu kabla yake. Martin na wenzake waliufuata mtindo huo mpaka baharini. Chupa zililowekwa kwenye asidi. Plastiki na Tefloni zikachukua nafasi ya vyuma, kamba isiyo na metali ikachukua nafasi ya waya, na sampuli zikafunguliwa katika chumba chenye hewa iliyochujwa, na watu waliovaa glovu.

Walichokipata kilibadilisha picha yote. Katika maji ya juu ya bahari zile tatu, chuma ni kidogo kiasi kwamba gramu moja ingetosha kugawanywa katika mabwawa ya kuogelea ya Olimpiki zaidi ya mia moja. Isitoshe, mwaka 1982 Steve Fitzwater, George Knauer na Martin walionyesha kwamba vipimo vya uzalishaji vilivyotumia chupa na myeyusho wa kawaida wa kaboni-14 vilikuwa vimeharibiwa na metali zilizoingia wakati wa kupima. Vijimea vilikuwa vinatiwa sumu ndani ya chupa iliyokusudiwa kuvipima, na namba iliyotoka ilikuwa ndogo kuliko ukweli wa baharini. Kwa maoni yangu huo ndio ugunduzi mkubwa wa Martin, ingawa haukumpa umaarufu. Hayo mengine yote yalimea juu yake.

Mwaka 1987 walikwenda ghuba ya Alaska na chupa zao safi. Baadhi walizitia chuma kidogo kabisa, nyingine wakaziacha zilivyo. Baada ya siku chache, kwenye chupa zilizotiwa chuma vijimea vilikuwa vimeongezeka na kuila naitreti, na kwenye nyingine vilikuwa vinajikongoja. Matokeo yalitoka katika jarida la Nature mwaka 1988.

Kwa nini chuma, na si kitu kingine? Sababu iko karibu na ile inayomfanya muuguzi wa kliniki ampe mama mjamzito vidonge vya kuongeza damu. Mama anaweza kuwa ameshiba ugali na samaki, lakini chuma kikipungua mwilini, damu haibebi oksijeni ya kutosha na anachoka akiwa ameshiba. Kijimea hakina damu. Kina mitambo midogo ndani yake inayopokezana elektroni zilizoamshwa na mwanga, na mitambo hiyo imejengwa kwa atomu za chuma. Vimeng'enya, yaani vichocheo vya kikemia ndani ya seli, vinavyogeuza naitreti kuwa kitu cha kujengea protini navyo vinataka chuma. Hata kutengeneza klorofili kunakihitaji. Kwa hiyo kijimea kilichokosa chuma kinakaa katikati ya mbolea, juani, kikashindwa kula. Na kinachohitajika hakifiki hata punje: kwa makadirio, atomu moja ya chuma kwa kila atomu laki moja za kaboni.

Hapo msomaji atauliza, na ana haki, kwamba chuma kimejaa duniani, udongo wetu mwekundu si chuma hicho? Ndiyo. Tatizo ni kwamba kwenye maji yenye oksijeni chuma hugeuka kuwa kutu, kinajishika kwenye chembe zinazozama, na kuondoka. Chuma cha mito huishia karibu na pwani. Bahari ya mbali hupata chakula chake cha chuma kutoka chini, maji ya vilindini yanapopanda, au kutoka juu, kwenye vumbi la majangwa. Sahara huilisha Atlantiki. Antaktika imefunikwa na barafu na haina jangwa la karibu la kuirushia vumbi, ndiyo maana ina njaa.

Martin aliipima hoja hiyo kwa njia nyepesi na nzuri. Yeye, Fitzwater na Michael Gordon walilinganisha maji ya mlangobahari wa Gerlache, unaopakana na nchi kavu ya rasi ya Antaktika, na maji ya mlangobahari wa Drake, mbali na ardhi. Gerlache kulikuwa na chuma tele, na vijimea vilikuwa vimechanua. Drake mbolea ilikuwa nyingi, chuma hakuna, na sehemu ndogo tu ya mbolea ndiyo iliyotumika. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1990.

Wapinzani wake hawakuwa watu wa kupuuzwa. Walisema chupa si bahari. Ukifunga maji ndani ya chupa unawafungia nje baadhi ya walaji, na yawezekana ni walaji hao, si chuma, wanaozuia vijimea kuongezeka, kama mbuzi wanaofyeka malisho kabla hayajarefuka. Tena upepo wa kusini unavikoroga vijimea mpaka kwenye giza la chini, ambako mwanga hautoshi. Hoja hizo hazikuweza kujibiwa ndani ya chupa. Kilichobaki ni kutia chuma baharini kwenyewe.

Martin hakuishi kuliona jaribio hilo. Alifariki Juni 1993. Mnamo Oktoba mwaka huohuo wenzake, wakiongozwa na Kenneth Coale, walisafiri kusini mwa Galapagos wakamwaga takribani kilo 450 za chuma kilichoyeyushwa kwenye eneo la kilomita za mraba 64, pamoja na gesi ya kuwekea alama ili wasilipoteze eneo lenyewe. Kilo 450 kwenye kilomita za mraba 64! Mkulima anayepanda mahindi ekari chache hutumia mbolea zaidi ya hapo. Klorofili iliongezeka kama mara tatu, lakini baada ya siku chache maji hayo yalizama chini ya maji mengine mepesi. Walirudi mwaka 1995. Safari hii walitia chuma kwa awamu badala ya mara moja, na klorofili ikapanda zaidi ya mara ishirini. Maji yaliyokuwa ya buluu yakageuka kijani mbele ya macho yao.

Februari 1999 jaribio kama hilo likafanyika kusini mwa Australia, kwenye maji baridi ya Bahari ya Kusini. Wiki sita baadaye, setilaiti iliona utepe wa kijani wenye urefu wa kilomita 150 hivi ukiwa bado unaelea. Baada ya hapo hakuna aliyebishana tena kuhusu swali la msingi. Chuma ndicho kilichokuwa kinakosekana. Wapinzani nao walikuwa na sehemu yao ya ukweli, kwani mwanga na walaji huamua uchanuaji utafika wapi na nani atafaidi.

Nimechelewa makusudi kufika kwenye maneno yaliyomfanya Martin ajulikane. Mwaka 1988, katika mhadhara huko Woods Hole, kituo cha utafiti wa bahari nchini Marekani, alisema: nipeni nusu meli ya chuma, nami nitawapa zama za barafu. Aliyasema kwa mzaha, lakini nyuma ya mzaha kulikuwa na hoja nzito. Barafu iliyochimbwa kituo cha Vostok, Antaktika, ilikuwa imehifadhi hewa na vumbi la makumi ya maelfu ya miaka. Katika zama za barafu hewa ya ukaa ilishuka hadi chini ya sehemu 200 kwa milioni, wakati vipindi vya joto kabla ya viwanda ilikuwa karibu 280. Na zilezile tabaka zenye hewa ya ukaa kidogo ndizo zenye vumbi jingi. Nadharia tete ya Martin ikawa hii: dunia ilipokauka na kuwa na upepo mkali, vumbi lililisha Bahari ya Kusini, vijimea vikachanua, vikavuta kaboni hewani na kuzama nayo. Utafiti wa baadaye kwenye matope ya sakafu ya bahari umemuunga mkono, kwa kipimo: vumbi linaeleza sehemu ya tofauti hiyo, si yote.

Waliosikia mzaha bila kusikia hoja walidhani wamepata dawa ya ongezeko la joto duniani. Mwagia bahari chuma, kaboni itaondoka. Kampuni zikaanzishwa kwa ndoto hiyo, na mwaka 2012 takribani tani 100 za chumvi ya chuma zilimwagwa baharini magharibi mwa Kanada nje ya utafiti wa kawaida. Mataifa yaliyo kwenye Mkataba wa London, unaodhibiti utupaji wa vitu baharini, yalikuwa yameshakubaliana mwaka 2008 kwamba shughuli za namna hiyo zisiruhusiwe isipokuwa kwa utafiti halali.

Kosa la ndoto hiyo limo katika kazi nyingine ya Martin mwenyewe, ambayo watu wachache nje ya fani wanaijua. Mwaka 1987, akiwa na Knauer, David Karl na William Broenkow, alichapisha vipimo vya mitego iliyoning'inizwa kwenye vina mbalimbali vya Pasifiki ili kunasa mabaki yanayozama: maiti za vijimea, kinyesi cha vijidudu, mabonge ya ute. Kwa kila sehemu 100 za kaboni zinazopita kina cha mita 100, ni kama 14 tu zinazofika mita 1,000. Nyingine zote zinaliwa na kuozeshwa njiani na kurudi kuwa hewa ya ukaa, ambayo itapanda juu tena. Kuifanya bahari iwe ya kijani ni jambo moja. Kuifanya imeze kaboni na kukaa nayo karne kadhaa ni jingine.

Majaribio mawili yanaonyesha tofauti hiyo vizuri. Mwaka 2004, jaribio lililoitwa EIFEX kwenye Bahari ya Kusini lilichanuza diatomu, vijimea vyenye ganda la silika kama kioo. Zilipokufa zilishikana mabonge, na angalau nusu ya uchanuaji ule ilizama kupita mita 1,000. Mwaka 2009, watafiti wa Ujerumani na India walifanya jaribio la LOHAFEX kwenye maji ambayo silika ilikuwa imekwisha. Chuma kilitiwa, vijimea laini visivyo na ganda vikaongezeka, vijidudu vikavila, na kaboni kidogo sana ikazama. Ukitibu upungufu mmoja unakutana na wa pili uliokuwa nyuma yake.

Na kwetu je? Kwenye pwani ya Tanzania na Kenya upungufu wa kwanza ni mwingine. Mkondo wa pwani unaopanda kaskazini mwaka mzima unaleta maji ya juu yenye joto, mepesi, yaliyotandazwa juu ya maji baridi yenye mbolea kama mafuta juu ya mchuzi. Kinachokosekana hasa ni naitrojeni. Kusi likivuma, mwambao wa Somalia hupata baraka ambayo sisi hatuipati kwa kiwango hicho: upepo unayasukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu, na maji ya chini, baridi na yenye mbolea, yanapanda kuchukua nafasi yake. Kaskazini mwa Kenya nako kuna sehemu ambapo, msimu wa kaskazi, mkondo wetu unakutana na ule unaoshuka kutoka Somalia, na hapo bahari hustawi zaidi.

Kuna kijimea kimoja kisichongoja baraka hiyo. Kinaitwa trikodesmiamu, na kina uwezo ambao maharage hupata kwa msaada wa bakteria wa mizizini: kuchukua naitrojeni ya hewa na kuigeuza mbolea. Charles Lugomela wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walichapisha mwaka 2002 utafiti wao kuhusu kijimea hiki kwenye maji ya Tanzania, na walikikuta kwa wingi zaidi wakati wa kaskazi, bahari inapotulia. Siku kama hizo, ukiwa kwenye boti kati ya Dar es Salaam na Unguja, unaweza kuona mistari ya kahawia ikielea juu ya maji kama unga wa msumeno. Wengi hudhani ni uchafu wa meli.

Kimeng'enya kinachokiwezesha kijimea hicho kukamata naitrojeni ni miongoni mwa vitu vyenye uchu mkubwa wa chuma katika viumbe vyote. Kwa hiyo hata hapa, ambako upungufu unaoonekana kwanza ni wa naitrojeni, nyuma yake kuna swali la chuma: kinatoka kwenye mito yetu, kwenye matope ya chini, au kwenye vumbi linaloletwa na kaskazi kutoka Uarabuni na Pembe ya Afrika? Anayetaka kulijibu itabidi apande boti na chupa zilizolowekwa kwenye asidi, kamba isiyo na metali, na glovu mikononi, achote maji upande unakotoka upepo, kabla moshi wa injini yake mwenyewe haujayafikia.